Mtumbwi Niliofunga Kama Ndama

Naserian mwanangu,

Salamu tulishapeana tangu asubuhi hadi ukasema nimezidi, kwa hiyo hapa naingia moja kwa moja. Umelala, begi lako liko mlangoni, na baba yako amelikagua zipu mara ya tatu akijifanya anatafuta tochi. Barua hii naiweka mfuko wa pembeni. Ifungue basi likishapita Moshi. Kabla ya hapo utakuwa bado unafuta machozi na kujifanya ni vumbi.

Sitaandika habari ya kula, kufua, kusali na kuweka akiba. Hayo nimekuambia miaka yote, na kama hayakuingia kwa mdomo, kalamu haitayaingiza. Nataka nikuambie jambo la zamani, la kuchekesha, ingawa wakati ule mimi sikucheka. Halafu kuna la leo mchana. Yule meneja wa hoteli ya njia ya Momela amepiga simu. Nafasi ya mapokezi imepatikana. Alipiga kwangu, si kwako, kwa sababu karatasi zako za kuomba kazi nilizipeleka mimi na namba niliyoacha kule ni yangu. Nilichomjibu nitakuambia, lakini si sasa. Usirukie mwisho. Nitajua. Sijui kwa njia gani, ila nitajua.

Kwanza tumalizane na Koko. Najua alikuudhi leo. Bibi mzima ametoka Terrat na kibuyu chake cha maziwa, amebadilisha gari mara mbili, anaingia tu mlangoni hata shikamoo yako hajaipokea vizuri, anasema, "Nimesikia unakwenda kuvua nyoka."

Ukamwambia, "Koko, ni samaki."

"Ana miguu?"

"Hana."

"Ana manyoya?"

"Hana, Koko."

"Basi ni nyoka. Usibishane na mimi, nimeona wengi."

Ulikasirika, nilikuona. Mimi nilikuwa nageuza vibua kwenye karai nikacheka peke yangu, maana maneno hayo hayo aliniambia mimi niliporudi kutoka Pangani na ndoo mbili za samaki wa kukaanga, nikapanga pale Ngarenaro nyuma ya gereji. Ndugu zangu walipita upande wa pili wa barabara. Shangazi mmoja alifunga pua kwa kitenge. Watu wetu wanakunywa damu ya ng'ombe ikiwa bado ya moto, halafu samaki ndiye anawatia kichefuchefu! Bado inaniuma, sikufichi. Nilijenga ile biashara na hiki chumba tunacholala bila mmoja wao kununua hata kichwa cha changu. Leo hii wanaagiza kwa simu, tena wanataka waliokaangwa wakakauka, tena wapelekewe. Na huyo Koko, mchunguze siku nyingine. Ukishatoka nje, mkono wake unaingia kwenye sahani. Nikimwuliza anasema ni dawa ya magoti.

Kwa hiyo asikusumbue. Mtu wa kwanza kuaibika na samaki katika ukoo huu ni mimi, na sababu yenyewe hujawahi kuisikia yote. Kila ukiniuliza kwa nini watu wa Pangani wakisikia sauti yangu kwenye simu wanacheka, nakuambia ni watu wachangamfu. Siyo hivyo.

Unajua nilikwenda kule nikiwa msichana, kulea watoto wa mwalimu mmoja wa kwetu aliyepangiwa kazi Pangani. Mwalimu akahamishwa. Niliambiwa asubuhi ya safari, wakati vyombo vimeshafungwa, kama mtu anayekumbuka kumwambia paka. Nikanuna. Nikasema siendi. Nilidhani watanibembeleza. Hawakunibembeleza. Gari likaondoka na mimi nikabaki nimekaa kwenye kibaraza na mfuko wa nguo, nimenuna mbele ya mbuzi.

Bi Tatu alikuwa jirani. Wakati huo alikuwa mwanamke wa makamo, ana mtumbwi wake na uzio wake wa fito kule ndani ya mikoko, pale mto unapokutana na bahari. Samaki wanaingia na maji, maji yakitoka wao wanabaki. Aliniangalia, akaniuliza, "Unajua kupika?" Nikasema najua. "Unajua kuogelea?" Nikasema kwetu mlimani hatuogelei, tunavuka. Akacheka. Akanipa chai. Kisha akasema, "Kesho asubuhi njoo, twende tukatafute kamba."

Sasa sikiliza. Mimi mtoto wa ng'ombe. Kamba naijua ni kitu gani. Na nilikuwa nayo! Kamba ya katani, nzuri, aliyoisokota babu yako mwenyewe, niliondoka nayo nyumbani nimefungia godoro. Nikafikiri, maskini mama wa watu, kunipa chai yote ile kumbe ana shida ya kamba, mimi nitamwokoa. Asubuhi nikafika nimeizungusha begani. Nikamwambia, "Shikamoo Bi Tatu. Usihangaike kutafuta, kamba hii hapa."

Akaniangalia. Akaiangalia kamba. Akaniuliza taratibu, "Hiyo utaikaanga, au utaitia nazi?"

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mdudu wa baharini mwenye masharubu anayeitwa kamba. Angesema "kamba wengi" ningestuka, ningejua ni kitu kinachotembea. Alisema kamba tu. Wanawake waliokuwa pale wakibandua magamba walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ningekuwa na akili ningecheka nao. Mimi nikanuna tena. Na kwa kununa nikasema, hata kama ni ya kuchekesha, kamba yangu naenda nayo.

Tukaenda. Tulishuka na maji yanayotoka, tukafika kwenye mikoko maji yamekwisha kabisa, tope tupu, mizizi imesimama kama vidole. Bi Tatu akashuka kuangalia uzio. Akasema, "Mwanangu, funga chombo." Kile cha kufungia alichokuwa nacho kilikuwa kimechakaa, nikaona sasa ndipo pa kuwaonyesha. Nikatoa kamba ya baba yangu. Nikafunga pua ya mtumbwi kwenye mzizi, karibu na tope, kamba fupi, imekaza, fundo lile la zizini ambalo hata fahali halifungui. Nikarudi nyuma nikaitazama kazi yangu. Nilifurahi. Kwetu ukifunga ndama hivyo unalala usingizi.

Tukaingia ndani kwenye uzio. Siku hiyo kulikuwa na neema. Hongwe, chewa, mizia, na hao kamba wenyewe, nikawaona kwa mara ya kwanza wakirukaruka kwenye dimbwi. Tukaokota, tukapeleka kwenye mtumbwi, tukarudi kuokota tena. Hakuna aliyeitazama kamba yangu. Halafu maji yakaanza kurudi, na Bi Tatu akasema tutoke.

Naserian, mimi nimekulia kwenye mfereji. Tangu najua kusimama, maji nimeyaona yakitoka juu kwenda chini. Tuligombania zamu ya maji, tulipigana kwa ajili ya maji, lakini hakuna siku maji yalibadilisha mawazo yakarudi mlimani. Na babu yako alituambia maji ya Meru yakipita kwetu yanakwenda mpaka Pangani. Nilikuwa najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Sasa nasimama kwenye tope, maji yamefika gotini, na mbele yangu linapita kasia. Linaelea. Linapanda. Linakwenda Arusha.

Nikapiga kelele, "Bi Tatu! Mto unarudi!"

"Unarudi kila siku," akasema, "lakini lile kasia ni langu. Mtumbwi uko wapi?"

Mtumbwi ulikuwa pale pale nilipoufunga. Maji yalipanda, wenyewe ukataka kupanda nayo, kamba ya babu yako ikakataa. Pua imeshikwa chini, mkia juu, maji yakaingia kwa mbele kama mtu anayekunywa. Ulizama mbele ya macho yetu, na samaki wote wakaogelea kwenda zao. Tukajaribu kufungua fundo. Fundo limelowa, limekuwa jiwe. Kisu kilikuwa ndani ya mtumbwi.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni, na mimi ni yule anayevuka, siogelei. Bi Tatu akanishika mkono akanisukuma juu ya mkoko mkubwa, naye akapanda tawi la pili. Tukakaa pale kama kuku, kaa wadogo wanatupanda miguuni, mpaka maji yalipojaa, yakatulia, yakaanza kutoka. Mchana wote. Nililia. Nilisubiri anitukane ili nami nipate sababu ya kukasirika, maana bila hiyo nilikuwa sijui nikae vipi.

Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Kwenu mtoto wa ng'ombe mnamfunga vile?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Asiende kunyonya usiku, maziwa yakaisha."

Akafikiri. "Na mtumbwi wangu ulidhani utakwenda kunyonya wapi?"

Nikacheka. Nikacheka nikiwa nalia, nikashika tawi nisianguke. Ndiyo mara yangu ya kwanza kucheka Pangani. Tukiwa pale juu akanifundisha ninachokijua mpaka leo: kwamba siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yanapanda urefu wa watu wawili, na siku za maji mafu yanapanda kidogo tu, kama hayataki. Kwamba kamba ya chombo haipimwi kwa maji unayoyaona. Inapimwa kwa yale yatakayokuja. Na kwamba ukiiacha ndefu chombo kitazungukazunguka, kitagonga mizizi, kitageuka hata kikuelekezee mgongo, ila utakikuta juu ya maji.

Jua lilipoinama mtumbwi ukaonekana. Tukakata kamba, tukakumba maji kwa mikono na kwa kilemba changu, tukajisukuma kurudi kwa fito. Habari ilifika kabla yetu, sijui ilipita wapi. Watoto walinipokea ufukweni wakiita, "Ndama! Ndama!" Na jina hilo halijatoka. Ukishuka stendi Pangani ukasema wewe ni mtoto wa Ndama watakupeleka hadi mlangoni kwa Bi Tatu, na watakucheka njiani. Mimi bado linaniuma kidogo. Wewe litumie, litakusaidia kupata bei nzuri.

Nilikaa naye miaka, nikajifunza. Hesabu ndiyo iliyoniokoa. Wao maji wanayajua mwilini tangu utoto, mimi nilikuwa sina hicho, nikayakokotoa. Niligundua kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini, basi nikijua leo yalijaa saa ngapi, naweza kukuambia ya Alhamisi. Bi Tatu alikuwa ananidhihaki, "Huyu anahesabu maji kama mbuzi." Lakini siku za mawingu, mwezi hauonekani, aliniuliza mimi. Kwa chini, wenzake wasisikie.

Sasa nikuambie kwa nini nimekaa nakuandikia haya. Nilijifunza kwenye mtumbwi, nikasahau nilipokupata wewe.

Hukuwahi kuniambia, lakini najua. Shule ilipotaka kuwapeleka Tanga kuona bandari nilisema hatuna nafasi, na tulikuwa nayo. Ulipotaka kujifunza kuogelea nilisema msichana hana haja. Baba yako akakupeleka kwenye chemchemi za Chemka kimyakimya, mkarudi nywele zimelowa, nyote wawili mkasema mmenyeshewa. Kilikuwa kiangazi, Naserian. Vumbi la Ngarenaro lilikuwa linaingia mpaka kwenye chai. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimefurahi na sikutaka mjue.

Hata karatasi za hoteli. Ulisema utapeleka mwenyewe, nikaamka mapema nikakuwahi. Yule dada wa pale akauliza namba ya mhusika, nikataja yangu bila hata kupepesa jicho. Nilijiambia simu yako haina chaji kila wakati. Kweli haina. Lakini hiyo siyo sababu.

Na ulipokwenda kwa Bi Tatu zile wiki za likizo, ukarudi mikono imechanika kwa chaza, unanuka tope, unakula kama fundi, unaongea kuhusu uzio kana kwamba umeujenga wewe, nilichukia. Nilikuwa na wivu. Mahali ambapo mimi niliingia nikinuna, wewe uliingia ukiimba. Halafu magoti ya Bi Tatu yakakataa kuingia topeni, akakupigia wewe, siyo mimi. Ukidumu mwaka mzima mtumbwi na uzio ni vyako, amesema, wanawe wote wako Dar es Salaam na hawataki hata harufu. Uliponiambia nikasema, "Msomi mzima!" Baba yako akasema, "Nawe ulikuwa nani?" Sikuongea naye mpaka jioni.

Yangu ya kusema kuhusu kazi yenyewe ni machache, maana Bi Tatu yupo. Mkono wa kaa mkubwa usiuonee huruma, ufunge kwanza ndiyo umsifie. Wakikucheka, cheka, mimi nilipoteza muda mwingi pale. Wakikuita mtu wa bara, kubali, kisha wahesabie maji ya wiki ijayo. Na ukikosea, utakosea, usikae umenuna kwenye kibaraza ukisubiri gari lirudi. Halirudi.

Haya. Meneja.

Alipiga saa saba, wateja wamejaa, mafuta yamechemka. "Mama Naserian? Binti bado anatafuta kazi?"

Kibua kikaungua upande mmoja, fundi mmoja wa gereji akasema, "Mama, samaki huyo!" nikamwonyesha mkono anyamaze.

"Mama, upo?"

"Nipo."

"Aanze Jumatatu. Nikiandika jina lake sasa hivi, limekaa."

Unanijua na hesabu. Kabla hajavuta pumzi nilishamaliza. Momela ni hapo tu, ungerudi kila Jumapili. Mara hamsini na mbili kwa mwaka. Pangani, ukijitahidi sana, mara mbili. Unaona ilivyo ngumu? Neno moja tu, ndiyo, na ungelala kwangu. Na kazi yenyewe si mbaya, sikudanganyi, sare safi, kivuli, mshahara unaujua kabla mwezi haujaisha. Bahari haina hilo. Kuna maji mafu utakaa unatazama uzio mtupu ukimkumbuka huyo meneja.

Neno lilifika mpaka hapa mdomoni.

Nikamwambia, "Baba, namba uliyonayo siyo ya mhusika. Andika hii." Nikamtajia yako, tarakimu moja moja, akarudia, nikasema sawa. "Mpigie kesho, saa nne kamili asubuhi."

"Kwa nini kesho, mama? Si nimpigie sasa hivi?"

"Sasa hivi nitakuwa nimesimama karibu yake."

Akacheka. Sijui alielewa nini, lakini alikubali.

Kwa hiyo mwanangu, saa nne mtakuwa mmefika Same, au karibu. Simu yako nimeichaji mwenyewe, imejaa. Ukimkubalia, shuka hapo hapo, magari ya kurudi Arusha hayakosekani, utakuta wali, na nitampigia Bi Tatu mimi, kucheka kwake nimeshakuzoea. Hakuna atakayekuita mwoga, labda Koko, naye kwa furaha. Ukimkatalia, mkatalie kwa adabu, mshukuru, halafu mwambie Bi Tatu akuwekee chai. Keshokutwa maji yanatoka asubuhi, nimeshapiga hesabu, utawahi.

Baba yako anasema nikuandikie lile ninalolitaka mimi. Sitaliandika. Unalijua.

Simu yangu nitaizima saa tatu na nusu, niiwashe saa tano. Najijua.

Mama yako,
Ndama